Kabla hujaagiza kontroli boksi ya Noah kutoka Dar

Noah imegoma. Jana jioni ilikuwa barabarani na abiria, leo asubuhi ukipiga stata injini inazunguka lakini haishiki. Fundi anachomeka mashine ya kupimia, mashine haisomi kitu. Anafunga boneti na kutoa hukumu: kontroli boksi limekufa.

Kwa aliyeko Kasingirima hukumu hiyo ni nzito. Boksi la mtumba linalofanana na lako huenda lisipatikane Kigoma, kwa hiyo mtu alitafute kwenye maduka ya spea ya Kariakoo, na kutoka Dar kuja huku kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Siku zote hizo gari haiingizi kitu, na tajiri anataka hesabu yake. Tena spea ya umeme ukishaifunga, ni nadra muuzaji akubali kuipokea tena. Basi muulize fundi wako kwa upole: umejuaje kwamba ni boksi?

Tuangalie kwanza kazi yake. Kontroli boksi ni kompyuta ndogo inayopokea habari kutoka kwenye sensa (joto la maji, hewa inayoingia, mguu wako umekanyaga mafuta kiasi gani, injini imefika wapi katika mzunguko) na kuamua injekta zifunguke lini, kwa muda gani, na plagi zipige moto saa ngapi. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, plagi zake kwa pamoja zinapiga moto mara 100 kwa sekunde. Kila mara boksi limeshapiga hesabu upya.

Sasa, sensa kadhaa haziwezi kufanya kazi bila kupewa umeme, na umeme wake si ule wa volti 12 wa betri. Boksi lenyewe linaushusha hadi volti 5 zilizotulia, kisha linazigawa kwa sensa kama ya throtoli na ile ya presha ya hewa. Na hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Kwenye Toyota nyingi, ubongo wa boksi unategemea volti 5 hizohizo. Sensa moja ikiungua kwa ndani, au waya wake ukichubuka na kugusa bodi, volti 5 zinaanguka karibu na sifuri na ubongo unazimika. Injekta hazifunguki, mashine ya kupimia haipati jibu, na taa ya injini kwenye dashibodi haiwaki hata ukifungua swichi. Ukitazama kwa nje ni maiti kabisa, kumbe boksi ni zima na limenyongwa na sensa.

Kulijua hili hakuhitaji mashine ya bei mbaya. Fungua swichi bila kupiga stata, tazama taa ya injini. Inatakiwa iwake. Kama haiwaki, anza na fyuzi ya EFI na rilei yake, maana boksi lisilopata umeme nalo huonekana limekufa. Zikiwa salama, funga swichi, chomoa soketi ya sensa ya throtoli, fungua tena, tazama taa. Bado? Rudia kwa sensa nyingine ya volti 5, moja moja. Taa ikirudi, mwizi umemkamata, na bei yake si ya boksi. Zikiisha zote na taa bado imelala, usikimbilie kulaumu boksi: pima kwa multimita kama waya wa volti 5 haujagusana na ethi mahali fulani njiani.

Ethi yenyewe ni mtuhumiwa wa pili, na mimi ningemshuku mapema zaidi kwenye gari inayolala karibu na ziwa. Unyevu huleta kutu pale waya unapofungwa kwenye injini au bodi. Kutu ya ukinzani wa omu 0.2 tu, ikipitiwa na ampia 5, inakula volti 1 nzima. Kwa taa ya mbele hutaona tofauti. Kwa kompyuta inayosoma sensa za volti 5, volti 1 ni uongo mkubwa. Pima hivi: ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Ukiona karibu nusu volti au zaidi, safisha ethi kwanza, mengine baadaye.

Maboksi hufa kweli, lakini. Kuna yanayouawa na watu: kubusti betri kwa kugeuza chanya na hasi, au kuchomelea bodi bila kutoa temino za betri. Na kuna yanayokufa kwa uzee. Noah za miaka ya 1990 zina kapasita zenye majimaji ndani, na majimaji hayo miaka ikienda huvuja na kula njia za shaba kwenye bodi ya saketi. Fungua kifuniko, unuse. Baadhi ya majimaji hayo yakioza hutoa kemikali za jamii ya amini, ndugu wa zile zinazompa samaki shombo. Kwa hiyo boksi linalonuka kama dagaa waliochacha halina haja ya mabishano. Likiwa halijaliwa sana, fundi redio mwenye mkono mtulivu anaweza kubadilisha kapasita na kuunga njia zilizokatika, kwa gharama ndogo kuliko boksi jingine.

Ikibidi kubadilisha, usiagize kwa kusema "la Noah". Kwenye kibandiko cha kompyuta za injini za Toyota kuna namba inayoanza na 89661, ikifuatiwa na tarakimu nyingine tano. Ifananishe yote. Aina ya injini, gia za otomatiki au za mkono, vyote vinaweza kuibadilisha namba hiyo hata kama soketi zinaingia bila shida. Soketi kuingia si ushahidi wa kitu.

Halafu kuna funguo. Kama gari yako ina ufunguo wenye chipu, boksi limekariri siri ya ufunguo ule. Boksi la mtumba limekariri ufunguo wa mtu mwingine, pengine wa Nagoya, nalo litamkatalia injini yeyote mwingine: inawaka kidogo na kuzima, au haiwaki kabisa. Dawa ni ama kusajili ufunguo upya kwa mashine, ama kuhamisha chipu ndogo ya kumbukumbu, mara nyingi yenye miguu minane, kutoka boksi la zamani kwenda jipya kwa risasi ya kuunganishia. Kwa sababu hiyo boksi lako la zamani, hata likiwa linanuka namna gani, usimwachie muuza spea kwa ahadi ya kupunguziwa bei. Siri ya ufunguo wako bado imo ndani yake.