Kungumanga Safi Isiyo na Shahidi

Hapana nyumba katika visiwa vyetu isiyoijua kungumanga. Imo katika uji, imo katika halua ya sikukuu, imo katika vikorokoro vya kila jiko. Hata hivyo ni wachache miongoni mwetu waliopata kukaa wakamfikiria mkulima aliyeipanda, miaka aliyoingoja, na fedha aliyoipata siku alipoiuza. Leo tunawaomba wasomaji wetu, wananchi na viongozi kwa pamoja, tulitazame jambo hili kwa makini. Ndani yake kuna haki ya mtu inayopotea hivi hivi, si kwa wizi wala kwa dhulma ya wazi, bali kwa kukosa karatasi.

Hivi karibuni tulifika katika shamba la mzee mmoja, kisiwani Pemba. Shamba lenyewe ni eka tatu, katika zile walizogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964. Mna mikarafuu, minazi na migomba, na katika kivuli chake mna mikungumanga kumi na kitu. Baada ya kumpa shikamoo yake na kupokea marahaba, tulimwuliza kama amepata kulitia shamba hilo mbolea ya viwandani au dawa ya kuulia wadudu. Mzee alicheka. "Wanangu," alisema, "dawa hiyo ningeinunua kwa fedha gani?" Akatuonesha samadi ya ng'ombe wake na majani aliyoyarundika mashinani mwa miti. Kisha akatueleza kwamba msimu uliopita alimwuzia dalali kungumanga zake zote kwa bei ile ile aliyopewa jirani yake ambaye hupiga dawa. Dalali hakumwuliza kitu, naye hakuwa na kitu cha kumwonesha.

Huko Ulaya na Marekani, mazao yaliyolimwa bila ya mbolea na dawa za viwandani yana soko lake mbali, na kwa kawaida hununuliwa kwa bei iliyo juu ya mazao mengine. Sisi wa Afrika Mashariki tumelipa jambo hili jina zuri, kilimo hai. Mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha kiwango cha pamoja cha mazao ya namna hiyo, na alama yake ikaitwa Kilimohai. Lakini lazima tuelewane vyema. Kilimo hai, kwa maana ya soko, si kuacha kutia dawa tu. Ni kuacha, na pia kuweza kuthibitisha kwamba umeacha. Mzee wetu ametimiza sehemu ya kwanza maisha yake yote. Sehemu ya pili hakuna aliyemfundisha.

Uthibitisho huo una masharti yake. Sheria za Ulaya zinataka shamba la miti ya kudumu lipitishe muda wa miaka mitatu chini ya uangalizi kabla ya mavuno yake kuitwa ya kilimo hai. Katika muda huo mkulima hana budi aandike alichokitia shambani na tarehe yake, alichokivuna na uzito wake, na mtu aliyemwuzia. Mpaka baina yake na jirani anayepiga dawa ujulikane. Hata gunia huulizwa: kungumanga safi ikitiwa katika gunia lililokuwa na mbolea ya chumvichumvi, usafi wake umekwisha.

Wapo watakaosema kuwa masharti hayo ni mazito kwa mkulima mdogo. Sisi tunasema kwamba mkulima wa kungumanga amekwisha kubeba yaliyo mazito kuliko hayo. Mkungumanga uliopandwa kwa mbegu hauanzi kuzaa mpaka utimize kiasi cha miaka saba, na nguvu zake kamili huzifikia baada ya miaka 15 au 20. Tena ipo miti dume na miti jike, wala mwenye shamba hawezi kuitambua mpaka itoe maua. Huenda akalea mche miaka saba, kisha akagundua kuwa ni dume; na dume mmoja huwatosha majike kumi. Tunda likiiva hupasuka lenyewe, ikaonekana mbegu nyeusi iliyovikwa utandu mwekundu. Utandu huo ndio basibasi, nao huuzwa peke yake. Kokwa iliyomo ndani ya gamba ndiyo kungumanga. Mtu aliyeweza kungoja muda wote huo hashindwi kuandika mistari miwili katika daftari.

Lipo jambo jingine ambalo halina budi lisemwe bila ya kuficha. Kutotia dawa hakuondoi wajibu wa kutunza mavuno. Tunda likiachwa juu ya ardhi yenye maji wakati wa mvua, au kokwa ikitiwa ghalani kabla haijakauka, huota kuvu, na kuvu huzaa sumu tunayoiita sumukuvu. Umoja wa Ulaya umeweka mpaka kwamba sumu hiyo, kwa jumla ya aina zake, isizidi mikrogramu 10 katika kilo moja ya kungumanga, yaani sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Kiasi hicho hakionekani kwa jicho wala hakisikiki kwa ulimi, lakini mzigo unaouzidisha hukataliwa bandarini, uwe wa kilimo hai au usiwe. Dawa ya jambo hili ni bidii. Matunda yaokotwe kila siku, na kokwa ianikwe juu ya kichanja pamoja na gamba lake kwa wiki kadhaa, mpaka ukiitikisa uisikie ikigonga ndani. Mvua ikija, iwepo paa ya kuikinga.

Sasa na tuulize: mkulima mmoja wa eka tatu ataweza wapi kumlipa mkaguzi, kununua mizani, kujenga ghala na kumtafuta mnunuzi wa ng'ambo? Hawezi. Wala hakuna anayemtaka aweze peke yake. Sheria ya Ulaya iliyoanza kutumika mwaka 2022 inaruhusu wakulima wadogo kuthibitishwa kwa pamoja, kwa sharti kwamba kikundi chao kisajiliwe kisheria, wanachama wasizidi 2,000, na kila mwanachama akaguliwe kila mwaka na wakaguzi wa kikundi chenyewe. Sheria hiyo inamhesabu kuwa mdogo hata mwenye hekta zisizozidi tano. Eka zetu tatu hazifiki hekta moja na nusu. Mlango huo basi ni wetu kabisa, ila haupitwi na mtu mmoja mmoja.

Historia ya kungumanga yenyewe inatufundisha hivyo. Asili yake ni visiwa vya Banda, katika Indonesia ya leo. Mwaka 1621 Waholanzi waliwaua wenyeji wa Banda kwa maelfu, wakawahamisha waliobaki, ili wao peke yao wahodhi biashara ya zao hilo. Walioipanda hawakupata faida. Faida waliipata walioushika mlango wa soko. Kwa upande mwingine, kipo kisiwa cha Grenada katika bahari ya Karibi, nchi isiyofika nusu ya Pemba kwa ukubwa, ambayo imeiweka kungumanga katika bendera yake. Wakulima wa huko, wengi wao wenye mashamba madogo, wana ushirika wao wa kungumanga tangu mwaka 1947. Kwa miaka mingi ushirika huo ulimlipa mkulima fedha za awali anapofikisha mzigo, kisha ukamgawia ziada baada ya mauzo.

Grenada hiyo hiyo inatupa onyo pia. Kimbunga cha Septemba 2004 kiliangusha sehemu kubwa ya mikungumanga yake, na mti wa miaka 20 haurejeshwi kwa mwaka mmoja. Nasi hatuna haja ya kwenda mbali kulijua hilo. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliifyeka mikarafuu ya Unguja, na katika miaka ya 1980 bei ya karafuu duniani ilianguka tukabaki tumeshika tama. Kwa hiyo hatusemi kwamba mkarafuu ukatwe upandwe mkungumanga. Tunasema shamba la mzee wetu, lenye miti ya kila namna, ndilo shamba la busara, na kila mti uliomo ulipwe thamani yake.

Kuna jambo moja katika mafunzo yetu ya chuoni ambalo tunalikumbuka kila tunapolitazama suala hili. Aya iliyo ndefu kupita zote katika Kurani inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Wazee wetu waliihifadhi kwa moyo, nasi tukaihifadhi baada yao. Vipi basi watu waliolelewa katika mafunzo hayo wauze jasho la miaka kwa neno la mdomo tu?

Lawama hii si ya mkulima peke yake. Sisi makada tumezoea kupanda jukwaani tukawahimiza wananchi walime, kisha tukateremka tukaenda zetu. Ni dhahiri kwamba himizo la kulima bila ya mpango wa kuuza ni nusu ya kazi. Tunawataka wahusika wa kilimo wampeleke bwana shamba au bibi shamba katika shehia zenye kungumanga, wakiwa na daftari la kuwafundishia wakulima kuweka kumbukumbu. Wahusika wa ushirika wasaidie kusajili vikundi kwa njia nyepesi. Serikali itafakari kubeba gharama za ukaguzi katika ile miaka mitatu ya mwanzo, ambayo mkulima hulipa gharama zote na bado hajaipata bei mpya. Vichanja vyenye paa na ghala kavu vijengwe karibu na wakulima. Nao wakulima wakubali kukaguana bila ya kuoneana haya, kwa sababu mwongo mmoja katika kikundi huwaharibia wote.

Tulipoagana na mzee wetu, alikuwa akimwagilia miche mipya ya mikungumanga. Miche hiyo ikijaaliwa, itaanza kuzaa baada ya miaka saba, na anayeimwagilia anajua kwamba huenda watakaoichuma ni wajukuu zake. Yeye ametimiza wajibu wake. Miaka mitatu ya kuthibitisha shamba lake inaweza kuanza msimu huu, au inaweza kungoja mpaka tuchoke kuhutubia. Hilo halimo mikononi mwake. Limo mikononi mwetu.