Yoyo Haikuwa ya Sonko, Ilikuwa ya Mwenye Uzi

Kama umekulia Eastlands ile miaka ya tisini, iwe ni Umoja, Kayole, Jericho ama Dandora, unajua kila mchezo ulikuwanga na msimu wake. Hakuna mtu alikuwa anatangaza. Unaamka tu unapata bano zimeisha mtaani, kila mtoi ako na feya shingoni. Kidogo feya nazo zinapotea, madem wanarudisha kati na blada, maboyi wanasukuma tairi. Halafu kukaingia msimu wa yoyo. Huo ulikuwa noma, maze, juu hapo ndio ulijua beshte wa ukweli ni nani.

Yoyo zenye zilikuwa zinatambulika zilikuwa za plastiki, zimeandikwa jina la soda: Coke, Fanta, Sprite. Mtoi akiwa nayo haweki kwa bagi. Anavaa uzi kwa kidole cha kati, yoyo yenyewe anaidunga kwa mfuko wa kaptula ya shule, ivimbe ionekane. Kengele ya breki ikilia hata hahitaji kuita mtu. Mbogi inajipanga yenyewe na biashara inaanza.

"Niachie raundi moja, beshte."

"Uko na nini?"

"Nusu kangumu."

"Kangumu yote. Na bano mbili."

"We! Na vile uzi imechoka hivyo?"

"Basi enda ucheze na ya kwenu."

Na unalipa. Unatoa kangumu yote, unapewa raundi, unarusha yoyo chini na hasira ya mtu ameibiwa, inafika mwisho wa uzi inaning'inia hapo, imekufa. Mbogi inakucheka mpaka kengele ya kurudi darasani.

Hapo ndio ulikuwa unaelewa kuwa na yoyo na kujua yoyo ni vitu mbili tofauti. Mtoi wa sonko wa ploti alikuwa anaeza nunuliwa mpya kila wiki na bado azimwe na kamtoi kenye yoyo yake ilikuwa imepasuka, imeshikwa na seloteepu. Doh ya buda ilinunua plastiki. Heshima ya mtaa ilikuwa kitu ingine, na hiyo haikuwa inauzwa kwa duka.

Kwanza ilale

Mtihani wa kwanza ulikuwa kulaza. Unarusha yoyo chini kwa nguvu, na badala ya kurudi saa hiyo, inabaki kwa mwisho wa uzi ikizunguka palepale. Yako ikikataa kulala, wewe bado ni wa nasari, juu staili zote kali zinaanzia hapo. Ikilala, unaishusha polepole iguse simiti ya koridoo, inatoka mbio mbele na wewe uko nyuma umeshika uzi: umetembeza dogi. Ikilala, unachukua uzi na mkono wa pili unatengeneza pembe tatu, yoyo inabembea hapo katikati: umebembeleza mtoi. Ikilala, unairusha mbele ipande juu ya kichwa, ishuke nyuma, irudi kwa mkono: umezunguka dunia.

Hiyo ya mwisho ilikuwa na majeruhi. Kila mtaa ulikuwa na msee ako na nundu kwa paji la uso, na kila ploti ilikuwa na mathe anazunguka milango akiuliza ni nani amevunja balbu ya koridoo. Odijo naye alikuwa na droo moja kwa meza yake yenye ilimeza yoyo za darasa nzima, na hakuna siku ilizitapika.

Kutembeza dogi nako kulikuwa na adui: vumbi. Wasee wa mitaa yenye simiti kila mahali walikuwa wameshika nafasi mapema. Wewe wa barabara ya murram, ukishusha yoyo mara kadhaa uzi umebeba mchanga, umekuwa mzito na mkavu, na yoyo haitaki kulala tena. Ndio maana mafundi wa mtaa wa vumbi walikuwa wanajikazia zile staili za hewani. Hizo ndizo ngumu, kwa hivyo hao ndio walikuwa wanaogopwa.

Siri iko kwa uzi

Wengi walidhani ni nguvu za mkono. Zii. Siri ilikuwa kwa uzi, na mwenye aliijua hakuwa anaiachilia hivi hivi.

Uzi ukikatika, msee wa kawaida alikuwa anachukua uzi wowote wa gunia, anaufunga fundo kwa kale kamti ka katikati. Hapo ameua yoyo. Fundo likishika, yoyo ikifika chini haina pa kwenda, lazima ipande saa hiyo ama ikufe. Fundi wa ukweli hakuwa anafunga. Alikuwa anachukua uzi wa pamba, urefu mara mbili ya wenye anataka, anaukunja katikati, anausokota mpaka nyuzi mbili ziwe moja. Halafu pale kwa kona anausokotoa kidogo na vidole, katanzi kanafunguka, anapitisha yoyo ndani na kuachilia. Katanzi kanashika kamti kakiwa kamelegea. Sasa yoyo ikifika chini, kamti kanateleza ndani ya katanzi na yoyo inaendelea kuzunguka. Ukivuta kidole juu kidogo tu, uzi unalegea, unashikana na kamti, unaanza kujikunja, yoyo inapanda. Ulozi wote ulikuwa ni msuguano.

Urefu ulikuwa unapimwa na kitovu. Simamisha yoyo chini mbele ya mguu, vuta uzi mpaka kitovuni, kata hapo, funga tanzi la kidole. Ukiwa mrefu zaidi, yoyo inachapa simiti. Ukiwa mfupi sana, haipati muda wa kukusanya mbio. Na uzi ukijisokota sana mpaka uanze kushikilia, unatoa tanzi kwa kidole, unaiacha yoyo ining'inie ijizungushe yenyewe mpaka uzi utulie. Mtoi wa darasa la nne alikuwa anajua hii yote, na hakuna kitabu cha sayansi kilikuwa kimemfunza.

Hiyo rieng ya katanzi ilitoka Ufilipino. Wagiriki wa kale walikuwa na yoyo, imechorwa mpaka kwa chombo chao cha udongo cha miaka kama 2,500 iliyopita, lakini zile Wazungu walikuja kucheza nazo zilikuwa zimefungwa fundo: zinashuka, zinapanda, basi. Pedro Flores, Mfilipino mwenye alihamia Marekani na kufanya kazi ya kubeba mizigo ya wageni hotelini, ndiye alifungua kampuni ya yoyo Santa Barbara, California, mwaka wa 1928, akiuza ile ya katanzi kama ya kwao. Akaomoka. Mfanyabiashara mmoja, Donald Duncan, akaona hiyo doh, na karibu 1930 akanunua kampuni.

Duncan alikuwa mjanja. Alijua yoyo ikikaa kwa rafu haijiuzi. Akaajiri mafundi wa kurusha, wengi wao Wafilipino, akawatuma mji kwa mji wasimame nje ya duka la peremende wakionyesha staili, watoi wapagawe, waingie ndani na pesa mkononi. Mwaka wa 1932 kukafanywa shindano la dunia London, na mwenye alichukua ushindi ni Harvey Lowe, mtoi wa Kanada wa miaka 13. Cheki hiyo, miaka 13. Huyo kwetu angekuwa darasa la saba. Baadaye msee mwingine, Jack Russell, akaishika mbinu hiyohiyo ya Duncan akizungusha yoyo za Coca-Cola nchi nyingi duniani. Kwa hivyo ile homa yenye ilitushika mtaani haikuanguka kutoka hewani. Kuna wasee walikuwa wameipiga hesabu kitambo, na soda zikauzika.

Ukikosa, unda

Lakini hesabu yao haikuwa imewaweka wale hawana hata doh ya soda. Hao waliingia kazi. Unangoja mathe atoke, unatafuta koti lake la zamani, unang'oa vifungo viwili vikubwa, unavishikanisha na kijiti cha kiberiti katikati. Umepata yoyo. Ni nyepesi na inachoka haraka, juu yoyo inataka uzito, na inataka huo uzito ukae pembeni kwa ukingo ndio mzunguko udumu. Mwenye alikuwa anajuana na fundi wa mbao alikuwa anaomba vipande viwili vya duara vya mguu wa kiti. Hizo zilikuwa nzito, zinalala fiti, na zikikupata kwa meno, pole.

Na kulikuwa na kizibo cha soda. Unakichapa na jiwe mpaka kiwe bapa, ama kama unaishi karibu na reli unakiwekelea kwa chuma ungoje treni ikufanyie kazi. Unatoboa matundu mawili na msumari, unapitisha uzi, unafunga ncha. Unashika na mikono miwili, unazungusha mpaka uzi usokoteke, halafu unavuta na kulegeza, unavuta na kulegeza. Kizibo kinalia vuuu, ukingo wake hata huuoni. Wawili wakikutana ni vita: wa kwanza kukata uzi wa mwenzake ameshinda. Mathe alikuwa anachukia hiyo kitu kuliko yoyo, na hapo tukubali, alikuwa na haki. Vidole vya watu vilichanjwa.

Mpaka anga za juu

Kuna vile watu wanaona yoyo ni kitu ya watoi tu. Sasa skia. Aprili 1985, chombo cha Discovery cha Marekani kilipaa na yoyo ndani, pamoja na vitu vingine vya kuchezea, ndio wanafunzi wa huko chini waone zinavyofanya mahali uzito haupo. Ikaonekana yoyo huko inaenda na kurudi poa kabisa, lakini kulala imekataa. Hapa chini uzito wa yoyo ndio unaukaza uzi. Huko hakuna kitu ya kuukaza, kwa hivyo ikifika mwisho inarudi saa hiyo. Kutembeza dogi, kitu watoi wa Kayole walikuwa wanafanya kwa koridoo, wanaanga wenyewe ingewahangaisha.

Na yoyo za siku hizi zimebadilika. Za mashindano zinaundwa na alumini, na katikati ziko na beringi, ile tu tulikuwa tunaomba gereji ya kufunga kwa kagari ka mbao. Zinaeza lala dakika kadhaa, lakini ukivuta kidole hazirudi. Lazima mchezaji akunje uzi kwa ufundi fulani ndio ushike. Bado ni uzi.

Hii ndio maoni yangu: yoyo ni mchezo poa kuliko mingi yenye watoi wako nayo saa hii, juu haikuhurumii, haina matangazo, haiishi bando, na inakulipa kulingana na vile umejituma. Kama uko na kamtoi kwa keja, usikanunulie zile za taa zenye zinakufa wiki ya kwanza. Tafuta yoyo ya kawaida, nunua uzi wa pamba, pima mpaka kitovuni kwake, kaonyeshe vile katanzi kanafunguka. Halafu uhepe kando ukaachie nafasi ya kukosea. Na balbu ya koridoo, toa kwanza.