Tuzo kwa Wanaoeleza Vizuri Habari za Afya

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Mwalimu wa kundi, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: tuzo, mwamuzi, chanjo, ushanga. Kila mtu ayasome kwa sauti mara mbili, kisha tuendelee.

Nyote mnajua kwamba mkulima hodari huweza kupewa zawadi katika maonyesho ya kilimo, na askari shujaa hupewa nishani. Lakini je, mmepata kusikia kwamba wako watu wanaopewa tuzo kwa sababu wameeleza vizuri habari za afya? Wako. Leo tutatazama tuzo moja ya namna hiyo, tujue ilitolewa kwa kazi gani, na sisi tujifunze nini.

Kwanza tufahamu jambo moja. Dawa peke yake haitoshi. Dawa iliyofungiwa kabatini haimponyi mtu. Chukueni mfano wa polio, yaani ugonjwa wa kupooza. Polio haina dawa ya kuiponya, lakini chanjo huizuia. Mama asipojua siku ya kurudi kliniki, mtoto hukosa chanjo. Mtoto huyo aweza kulemaa maisha yake yote, na huku chanjo ilikuwapo, na mganga alikuwapo. Kilichokosekana ni habari tu. Kwa hiyo yule anayefikisha habari hufanya kazi ya kuokoa watu, kama vile mganga.

Sasa twende Afghanistan, nchi ya milima mirefu katika Asia. Mpaka mwaka 2024, Afghanistan na jirani yake Pakistan zilikuwa ndizo nchi mbili tu duniani ambamo polio ya asili ilikuwa haijapata kukomeshwa. Katika Afghanistan kina mama wengi hawakupata nafasi ya kusoma shule. Mtoto akichanjwa, habari zake huandikwa katika kadi. Lakini kadi ni karatasi. Hupotea, hulowa, huchanika. Na kwa mama asiyejua kusoma, kadi ni kitu kisichosema neno. Akienda kliniki nyingine bila kadi, mganga hajui mtoto amekwisha pata chanjo zipi.

Watu wa huko wana desturi ya kumvika mtoto mchanga bangili ya shanga, ili kumkinga na mabaya. Desturi hiyo hata sisi twaifahamu, maana kwetu pia wako watoto wanaovikwa shanga au hirizi. Basi Wizara ya Afya ya Afghanistan, pamoja na kampuni ya matangazo ya McCann Health ya India, walifikiri hivi: kwa nini tuipinge desturi hii? Afadhali tuitumie. Wakatengeneza bangili ya namna ileile. Mtoto akipata chanjo, mganga humwongezea ushanga wa rangi yake. Kila chanjo ina ushanga wake. Siku nyingine mganga akiitazama bangili, aweza kujua mara moja mtoto amechanjwa nini, na bado nini. Na mama naye huona kwa macho yake kwamba kazi haijaisha, maana shanga hazijatimia.

Kila mwaka katika mji wa Cannes, pwani ya Ufaransa, hufanyika mashindano makubwa ya watu wa matangazo. Mashindano hayo yalianza mwaka 1954, na tuzo yake ni sanamu ya simba. Mwaka 2014 yakaongezwa mashindano maalumu ya habari za afya. Na mwaka 2017 bangili ile ya shanga ikapata huko tuzo kuu ya kazi zilizofanywa kwa faida ya umma.

Pengine mtu atauliza, "Simba wa sanamu atamsaidia nini mtoto wa Afghanistan?" Ni swali zuri. Tuzo ina faida zake. Huwashukuru waliofanya kazi. Hueneza wazo jema: bila tuzo ile, huenda sisi hapa tusingepata kusikia habari za bangili hii. Tena huwatia wengine bidii ya kufanya vizuri zaidi.

Lakini tuzo ina mipaka yake pia. Wanaoshindana hulipa ada ili kuingiza kazi zao, kwa hiyo asiye na fedha huweza kukosa hata kuonekana. Waamuzi nao ni watu wa kazi hiyohiyo ya matangazo, sio kina mama wa vijijini. Waweza kusifu kitu kizuri cha kutazama. Hesabu ya watoto waliochanjwa ni jambo jingine, na hupatikana kliniki, siyo jukwaani. Chema chajiuza, walisema wazee. Hata hivyo mnunuzi mwenye busara hukagua kwanza.

Hapa Afrika Mashariki tuna mfano wetu wenyewe. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika makundi, kama mlivyokaa ninyi sasa, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kufanya kazi. Walichimba vyoo, wakafyeka majani karibu na nyumba, wakasafisha visima. Tuzo ya kazi ile ilionekana kijijini penyewe: choo kilichokuwa hakipo, sasa kipo.

Kumbukeni pia kwamba ushanga hauna nguvu ya kukinga ugonjwa. Kinga i katika chanjo. Ushanga ni alama tu, kama herufi ilivyo alama. Tena alama hiyo husema kidogo: husema chanjo gani, lakini haisemi tarehe. Kadi husema yote mawili, kwa yule anayejua kusoma. Na ninyi sasa mnajua, au mko karibu kujua. Basi leo jioni mkifika nyumbani, itoeni kadi ya kliniki ya mtoto au mjukuu. Someni jina lake. Someni tarehe. Tafuteni neno surua. Chanjo ya surua hutolewa mtoto akiwa na umri wa miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Mkiona nafasi iko tupu na umri umepita, msingoje. Kesho asubuhi mpelekeni mtoto kliniki.

Maswali ya kuzungumza kundini:

1. Kwa nini bangili ilikubalika kwa urahisi kuliko karatasi?
2. Katika kijiji chenu, ni nani anayeeleza vizuri habari za afya? Mngempa tuzo gani?
3. Chagueni tangazo moja la afya lililobandikwa karibu nanyi. Waulizeni watu watano wamelielewaje. Andikeni majibu yao, mje nayo darasani.

Haya, ndugu zangu, kwaherini mpaka juma lijalo.