Miwani ya kumrudisha mgonjwa jikoni

Huenda unaye nyumbani ndugu aliyeanguka kwa bodaboda akaumia kichwa. Kidonda kimepona, anatembea na kuzungumza vizuri. Lakini ukimwambia apike chai, maji yanakauka sufuriani naye ameketi pale pale. Usiharakishe kumwita mvivu. Jeraha la ubongo laweza kudhoofisha kumbukumbu, makini na uwezo wa kupanga kazi hatua kwa hatua, na hayo hayaonekani kwa macho.

Uwezo huo husaidiwa na mazoezi ya kurudiarudia. Taabu ni kwamba kazi anazopaswa kujifunza upya mara nyingi ndizo zenye hatari: kuwasha moto, kushika kisu, kuvuka barabara. Hapo ndipo uhalisia pepe unapofaa. Mgonjwa huvaa miwani mikubwa yenye vioo vya kompyuta. Akigeuza kichwa, picha nayo hugeuka, hata ajione yumo jikoni hasa. Akisahau kuzima jiko, hakuna anayeungua. Mtaalamu huona ni hatua gani iliyorukwa, na mgonjwa akipata nafuu huweza kumwongezea kelele au magari.

Jambo hili si geni. Mwaka wa 1998, watafiti wa Galveston, Texas, nchini Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambapo wagonjwa 30 walioumia ubongo walitayarisha supu ya mkebe katika jiko la kompyuta. Nia ilikuwa kujua kama jiko hilo laweza kupima uwezo wao kwa njia ya kuaminika.

Hata hivyo, msomaji, usidhani miwani ni dawa. Haiponyi ubongo, na anayepika vizuri ndani yake bado lazima ajaribiwe kwenye jiko la kweli. Wengine hupata kizunguzungu na kichefuchefu. Ikiwa mgonjwa wako huanguka kifafa, mwambie daktari kabla hajaivaa.

Vifaa hivi ni ghali, lakini mbinu yenyewe haihitaji umeme. Chagua kazi moja, tuseme chai. Andika hatua zake kwa herufi kubwa, ubandike karatasi ukutani. Keti naye, arudie kazi ile ile kila siku saa ile ile, redio ikiwa imezimwa. Akikosea, mwonyeshe hatua aliyoiruka bila kumfokea. Jiko lenye moto usimwachie peke yake mpaka mtaalamu anayemhudumia aridhike.