VITAFUNIO VYA NYUMBANI: UTAMU USIOMALIZA POSHO



Siku ya posho ikipita, jambo moja huonekana sana kwenye vibanda vya njiani. Mtoto amemshika mama yake kitenge, analilia biskuti au bombo. Mama hana pesa. Anarudi nyumbani, anapima maharage kikombe kimoja au viwili, anayauza, ananunua biskuti. Mtoto ananyamaza. Lakini wiki ya mwisho ya mwezi sufuria inabaki tupu, na mtoto yule yule analia tena, safari hii kwa njaa.

Hatuandiki haya ili kumlaumu mama. Watu wengi wamepita hapa Kanzenze wakiwa wameacha kila kitu nyuma: wale wa Goma waliofika Nkamira Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002, waliokimbia vita mwaka 2012, na wale walioanza kuja mwishoni mwa mwaka 2022. Mtoto aliyeacha nyumba, shule na marafiki anahitaji kitu kidogo cha kumfurahisha. Utamu si dhambi. Swali ni hili: tutapataje utamu huo bila kuuza chakula cha mwezi?

PIGA HESABU KWANZA

Anayeuza posho siku ya ugawaji mara nyingi hupata bei ya chini, kwa sababu wengi wanauza siku hiyo hiyo. Mwisho wa mwezi atanunua maharage yale yale kwa bei ya juu. Amepoteza mara mbili.

Tazama pia anachopata. Maharage yana protini na madini ya chuma: yanajenga mwili na damu. Biskuti na bombo ni sukari na unga mweupe. Soda moja ya kawaida ya mililita 300 ina sukari karibu vijiko 8 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe vijiko 12 kwa siku nzima, na ikiwezekana abaki kwenye 6. Kwa mtoto kiasi kiwe pungufu ya hapo.

Ushauri wetu: chagueni siku moja au mbili za kitafunio kwa wiki, kwa mfano Jumapili na siku ya soko. Watoto waambiwe mapema. Mtoto anayejua kwamba Jumapili kuna bitumbura hasumbui sana siku ya Jumanne. Wekeni sarafu chache kando kwenye kopo kwa ajili hiyo tu, ili maharage yasiguswe.

MAPISHI MANNE YA BEI NDOGO

1. Bitumbura vya ndizi mbivu

Hivi vinajulikana Uganda kwa jina la kabalagala. Havihitaji sukari, kwa sababu ndizi yenyewe ni tamu. Nunua kamaramasenge zilizoiva sana, zile zenye madoa meusi ambazo muuzaji hutoa kwa bei ndogo jioni.

- Menya ndizi, ziponde kwa mkono safi hadi zilainike. Usitie maji.
- Ongeza unga wa muhogo kidogo kidogo, huku ukikanda, hadi donge lisishike tena mikononi. Kwa vikombe 2 vya ndizi iliyopondwa, unga utakuwa karibu vikombe 2.
- Sukuma, kata vipande vidogo vya duara.
- Kaanga kwenye mafuta ya moto wa kadiri hadi viwe vya kahawia. Moto ukiwa mkali, nje vitaungua na ndani vitabaki vibichi.

Unga wa muhogo ukiwa mchungu usiutumie. Uchungu huo ni dalili ya sumu ambayo haikutoka vizuri wakati wa kuloweka na kukausha.

2. Chapati ndogo za viazi na karoti

Viazi na karoti ndiyo mali ya udongo huu wa volkano. Sokoni utapata karoti zilizovunjika au ndogo, ambazo hazina sura lakini zina nguvu ile ile. Chemsha viazi, viponde. Kwaruza karoti, katakata kitunguu, tia chumvi kidogo, changanya. Fanya vidonge bapa, vikaange kwenye kikaango kwa kijiko kimoja cha mafuta, upande huu na upande ule. Karoti ina vitamini A, inayolinda macho na kusaidia mwili kupigana na magonjwa, na mafuta kidogo husaidia mwili kuipokea.

3. Karanga za sukari

Kikombe 1 cha karanga, vijiko 3 vya supu vya sukari, vijiko 3 vya maji. Tia vyote kwenye sufuria, koroga bila kuacha. Maji yatakauka, na sukari itaganda juu ya karanga kama mchanga. Epua, tandaza kwenye sahani, ziache zipoe. Kikombe hiki kinatosha watu 6. Vijiko hivyo 3 vya sukari vimegawanyika kwa watu wengi, na kila mmoja amepata pia protini na mafuta ya karanga.

Chagua karanga kabla ya kupika. Zilizokunjamana, zenye ukungu au zilizobadilika rangi zitupwe. Usimpe hata kuku. Ukungu wa karanga na mahindi unaweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haimalizwi na moto wa jikoni. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya.

4. Mbegu za maboga

Ukipika boga, usitupe mbegu. Zioshe, zianike juani hadi zikauke, kisha zikaange bila mafuta, kwa chumvi kidogo. Hiki ni kitafunio ambacho hakikununuliwa.

KUNI NA MAKAA PIA NI PESA

Huku mlimani tuko juu zaidi ya Ziwa Kivu, ambalo nalo liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Mahali pa juu maji huchemka kabla ya kufikia joto la digrii 100. Ndiyo maana maharage huchelewa kuiva kuliko yanavyoiva nchi za chini. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya na sufuria iliyofunikwa. Makaa utakayookoa ndiyo yatakaanga bitumbura vya Jumapili. Maji ya kunywa nayo, yakianza kutokota, yaache yaendelee kwa dakika 3.

Mafuta ya kukaangia yakipoa, yachuje uyafunike. Yakiwa meusi, mazito au yakitoa moshi haraka, usiyatumie tena.

TAHADHARI KUBWA

Moto. Mtoto asisogelee mafuta wala sukari inayochemka. Akiungua, mwagia maji baridi safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, siagi wala majivu. Jeraha likiwa kubwa, au liko usoni au mikononi, nenda kituo cha afya mara moja.

Moshi. Usiku ni baridi hapa, na wengine huingiza mbabula ndani ya hema ili wapate joto. Usifanye hivyo. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Familia inaweza kulala isiamke. Pika nje, au mahali penye upepo wa kutosha.

Kusakamwa. Mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe karanga nzima. Mpondee, umchanganyie kwenye uji.

Watoto wachanga. Hadi miezi 6, mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake. Hata bitumbura kilicholainishwa kwa chai bado si chakula chake. Asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka 1.

Chai. Chai ya majani ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kupokea madini ya chuma. Ngojeni kama saa moja. Wajawazito walizingatie hili hasa. Mchaichai ni mbadala mzuri, na hauhitaji sukari nyingi.

PLUMPY'NUT SI KITAFUNIO

Tunajua ni tamu. Tunajua pia kwamba dada na kaka zake mgonjwa huililia, na kwamba wengine huiuza. Lakini kila pakiti ya gramu 92 imepimwa kwa ajili ya mtoto aliyekonda sana: ni dawa yake na chakula chake. Akinyang'anywa nusu, anapona nusu, au haponi. Wape wengine karanga za sukari. Pakiti ibaki kwa mwenyewe.

Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ambaye mkono wake ukipimwa kwa utepe unaonyesha rangi nyekundu (chini ya sentimita 11.5), au ambaye miguu yake imevimba, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Rangi ya njano nayo isipuuzwe.

KWA MAMA WANAOKAANGA KWA KUUZA

Kazi yenu inalisha nyumba nyingi. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kukanda na kila unapotoka chooni. Funika vilivyoiva, inzi wasitue. Toa bitumbura kwa uma, na mkono unaopokea pesa usishike chakula. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu mwaka 2008, basi fungeni kwa karatasi safi au jani la mgomba lililopitishwa motoni. Ukiwa na kuhara, pumzika usipike hadi upone.

KUMBUKA

- Posho ni ya mwezi. Kitafunio kina siku yake na kopo lake.
- Ndizi iliyoiva ni sukari ya bei ndogo.
- Karanga yenye ukungu ni sumu.
- Mbabula hailali ndani.
- Plumpy'Nut ni ya mgonjwa peke yake.

Jumapili hii jaribu pishi moja, ukae na watoto wako mkila pamoja. Likikushinda, muulize jirani au mhamasishaji wa afya wa upande wako. Likikufaa, mfundishe mwingine.