Kuhamia Mji wa Kale: Nauli ya Matatu Ikigeuka Tiketi ya Treni

Mwalimu mmoja mstaafu alitupigia simu kutoka Rongai akiwa amechoka kabisa. Alikuwa ameamua kuhamia Mombasa, Mji wa Kale, mahali ambapo mtu anaweza kuishi bila kupanda matatu kila siku. Aliona picha za nyumba yenye roshani, akaongea na ajenti, akatuma shilingi 15,000 za kushikilia nyumba. Alipotupigia, siku mbili zilikuwa zimepita na pesa zilishatolewa kwa wakala. Hatukuweza kuzirudisha. Roshani ipo kweli. Ajenti ndiye hayupo.

Tumeanza na hiyo stori kwa sababu wazo la Mwalimu lilikuwa zuri, na bado ni zuri.

Mji wa Kale ulijengwa kabla ya magari, ndiyo maana vichochoro vyake ni vya miguu. Kutoka Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, unatembea kama robo saa hivi unafika soko la Marikiti. Asubuhi ni mahamri na mbaazi hapo chini ya nyumba, jioni kahawa chungu barazani. Ukikaa wiki moja tu, muuza mboga ameshakujua jina.

Lakini usihamie kwa picha. Panga chumba mwezi mmoja kwanza, ikiwezekana mwezi wa joto, Februari au Machi. Panda ngazi za nyumba unayoitaka ukiwa umebeba kikapu. Nyumba nyingi za zamani zina ngazi kali na magoti ya miaka 60 si ya 30. Uliza maji ya mfereji huja siku gani, na mitungi ya mkokoteni ni bei gani. Pesa za nyumba zitoke ukiwa umesimama ndani yake, na umeona karatasi za anayekupangisha. Kabla ya kubonyeza kukubali, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama si la mtu uliye naye hapo, acha kwanza. Na ukishatuma ukashtuka, tupigie dakika hiyo hiyo. Kesho huwa ni kuchelewa.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo tunaipenda sisi. Tuseme ulikuwa ukienda mjini siku tatu kwa wiki, shilingi 100 kwenda na 100 kurudi. Hiyo ni 2,400 kwa mwezi, 14,400 kwa miezi sita. Ukihamia mahali pa kutembea, usiiache ipotelee kwenye matumizi. Siku pensheni inapoingia, hamisha 2,400 kwenye akaunti ya akiba ya simu, uifunge.

Tangu Januari 2024, treni ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi ni shilingi 1,500 daraja la kawaida. Kwenda kuona wajukuu na kurudi ni 3,000. Mara tatu kwa miezi sita ni 9,000. Unabaki na 5,400. Kumbuka kituo kiko Miritini, nje ya kisiwa, kwa hivyo tenga nauli ya kutoka pale. Safari nyingine hazihitaji hata akiba: kwenye feri ya Likoni, anayevuka kwa miguu halipi.

Ukitaka kuvuka Lunga Lunga kwenda Tanga au Zanzibar, kitambulisho peke yake hakitoshi. Tayarisha pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Washa romingi ukiwa bado upande wa Kenya, la sivyo hutapata ujumbe wa pesa zako. Na PIN usimwachie mjukuu "akusaidie" ukiwa safarini. Tunajua ni mtoto mzuri.

Mwalimu hakukata tamaa. Alishuka kwa treni, akafikia kwa mpwa wake Majengo, na sasa anatafuta nyumba kwa miguu. Ya tatu aliipenda sana, ina hadi dirisha la kutazama bahari. Alihesabu ngazi, zikawa 31. Amemwambia mwenyewe asante, na leo jioni anaenda kuona ya nne.