Shuka Voi, panda milima

Ukisikia Voi, unawaza ndovu wekundu wa Tsavo Mashariki na gari la watalii. Poa. Lakini ukishuka SGR pale, dandia matatu ya Wundanyi kupitia Mwatate, uonje Taita ya baridi. Beba sweta, usiseme hukuambiwa.

Msitu wa Ngangao unatembelewa kwa miguu, mbele yako kijana wa huko anayezijua njia. Hakuna punda wala ngamia wa kukubebea mkoba; ni magoti yako tu. Ukungu ukitanda mnasimama, mnanyamaza, mnasubiri majani makavu yatikisike. Huenda ni Taita Thrush: kichwa cheusi, mdomo wa rangi ya chungwa. Dunia nzima anaishi vilima hivi pekee, kwenye vipande vya msitu vilivyosazwa na mashamba. Ngangao ni kama hekta 120 tu, na bado ni miongoni mwa vile vikubwa.

Kwa hivyo usibishanie sana ada ya kiongozi. Anayelipwa kukuonyesha ndege ana sababu ya kuuacha mti usimame.

Ukibakisha pumzi, mwombe mwende Vuria, zaidi ya mita 2,200. Mawingu yakifunguka, Tsavo yote iko kule chini.